Nyumba ya Medgar Evers na pesa za serikali

Ukisikia serikali ya Marekani imetoa pesa kuhifadhi nyumba ya mpigania haki, uliza kwanza: ni ruzuku, au serikali imeichukua nyumba yenyewe? Sisi tunaoshughulika na majengo ya kale tunajua tofauti yake ni kubwa.

Chukua nyumba ya Medgar Evers iliyoko Jackson, Mississippi. Evers alikuwa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, jimboni humo, na alivyomhusudu Mzee Jomo, kifungua mimba wake alimwita Darrell Kenyatta. Usiku wa manane, 12 Juni 1963, alipigwa risasi nje ya nyumba hiyo alipokuwa akitoka garini. Risasi ilimpita mwilini, ikapenya dirishani, ikatoboa ukuta wa jikoni na kugonga friji.

Nyumba haina mlango wa mbele. Unaingilia ubavuni, palipo na banda la gari, na ndivyo familia ilivyotaka kwa ajili ya usalama. Sasa mpe fundi asiyejua historia: atakuwekea mlango mzuri unaotazama barabara, azibe na tundu la risasi, kisha adai amekarabati!

Ndiyo maana ruzuku huja na masharti. Tangu 2016 kuna ruzuku maalumu za maeneo ya harakati za haki za Wamarekani weusi. Fedha hutoka Mfuko wa Uhifadhi wa Kihistoria, ambao hauchangiwi na kodi ya mwananchi bali mapato ya mafuta na gesi ya baharini. Kanuni ni kutengeneza kilichopo kabla ya kufikiria kubadilisha, na mwenye jengo hutia saini mkataba wa kulilinda kazi ikishakwisha.

Lakini ruzuku hulipia kazi fulani, kisha basi. Mlinzi, umeme na paa litakalovuja baadaye ni juu ya mwenyewe. Tangu 1993 mzigo huo ulibebwa na Tougaloo, chuo kidogo kilichopewa nyumba na familia. Sheria ya 2019 ikafungua njia, na Desemba 2020 nyumba ikawa mali ya shirika la hifadhi za taifa. Kwangu mimi, hiyo inazidi ruzuku yoyote, kwani sasa kuna mwajiriwa anayewajibika. Hata hivyo, bajeti ya shirika hilo hupitishwa na Bunge kila mwaka, na inaweza kukatwa.