Priseti Haichongi Uso

"Naomba priseti, kaka," yaani faili ya mipangilio ya kuhariri picha iliyotengenezwa tayari. Ikipandishwa picha yoyote ya uso yenye kivuli kizito, vitundu vya ngozi vinavyohesabika na rangi iliyofifishwa, ombi hilo halikawii. Nyuma yake kuna imani kwamba mtindo umo ndani ya faili, kwamba ukilipata faili umepata mtindo. Si kweli. Nimechoka kulijibu kwa sentensi mbili mbili, kwa hiyo leo naliandika kwa urefu wake.

Priseti ni orodha ya namba: vivuli −40, Clarity +35, ukolevu wa rangi −20, mstari wa Curves (ule wa kupandisha na kushusha mwanga) upite hapa na pale. Namba hizo hazijui pua iko wapi. Hazijui taa ilisimama upande gani. Chukua namba zilizopangwa kwa uso uliopigwa taa ya pembeni, nyuzi 45 hivi na juu kidogo ya macho, uzimwage kwenye uso uliopigwa fleshi ya mbele: utapata vitundu vilivyokolezwa na pua iliyobaki bapa vilevile. Clarity hukoleza tofauti ya mwanga iliyokwisha kuwepo. Pasipo na kivuli cha shavu, haina cha kukoleza.

Joto la rangi nalo ni mtego. Kama aliyetengeneza priseti aliihifadhi pamoja na Kelvini 5500 zake (Kelvini ni kipimo cha joto la rangi ya mwanga), picha yako ya chini ya balbu za Kelvini 3000 itatoka ya machungwa. Kwenye JPEG, yaani picha iliyokwisha kubanwa na kamera, slaida ya joto la rangi haina hata Kelvini. Ina −100 hadi +100 tu, kuanzia pale kamera ilipoamua.

Halafu kuna zile za "ngozi safi". Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, kwa sehemu kubwa huangukia kwenye rangi ya machungwa, na nyekundu na njano kidogo. Priseti nyingi za aina hiyo hupandisha mwangaza wa machungwa na kushusha ukolevu wake. Kwenye ngozi nyeupe inapita. Kwenye ngozi nyeusi rangi inakimbia na unabaki na kijivu, mtu anaonekana kapauka. Zikija pamoja na kushusha sehemu angavu hadi −80, ndiyo imekwisha kabisa, kwa sababu ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao: ule mstari wa mwanga kwenye paji, juu ya shavu, kwenye mfupa wa pua. Ukiuzima umefuta uso.

Mtindo huu wenyewe mitandaoni mara nyingi huitwa kwa jina la Andrzej Dragan, mpiga picha wa Poland ambaye pia ni mwanafizikia, na yapo mafaili kwa mafaili yanayouzwa kwa jina hilo. Ukizitazama picha zenyewe kwa makini, unachokiona ni mwanga na kivuli vilivyowekwa mahali mahususi kwenye uso mahususi. Kazi hiyo hufanywa kwa brashi, ndani ya programu kama Photoshop.

Kwanza toa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ikiwa imepoa: kontrasti ndogo, sehemu angavu zisiungue, vivuli visizibe, biti 16. Biti 8 zina ngazi 256 za mwanga kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu), na kivuli cha shavu huishi kwenye ngazi chache tu za chini. Ukizivuta, unaona michirizi badala ya mteremko laini. JPEG ya simu nayo unaweza kuifanyia kazi, ila chora kwa nusu ya nguvu.

Usafi wa ngozi sitauzungumzia sana. Kinachoondoka chenyewe ndani ya wiki mbili, kama chunusi au mkwaruzo, kiondoe kwenye leya tupu, yaani tabaka linalokaa juu ya picha. Kovu na alama ya kuzaliwa ni vya mwenye uso, muulize.

Ile mbinu ya kutenganisha ngozi katika leya mbili, moja ya rangi na mwanga, nyingine ya vitundu, ina nafasi yake. Kwenye biti 16: leya ya chini weka Gaussian Blur (ukungu), ya juu Apply Image inayoichukua ile ya chini kwa modi (namna ya kuchanganya) ya Add, Invert iwe imewashwa, Scale 2, Offset 0, kisha leya yenyewe iwe Linear Light. Kwenye biti 8 ni Subtract, Scale 2, Offset 128. Ukichanganya mipangilio ya biti 16 na ya biti 8, picha hairudi kama ilivyokuwa. Kipimo cha Blur kinategemea ukubwa wa uso kwenye fremu: ongeza hadi vitundu vipotee tu, usivuke hapo. Tatizo ni kwamba watu wakishaipata, wanapaka leya ya chini hadi uso unakuwa plastiki iliyochorwa vitundu. Kwa picha za mtindo mzito naiacha mara nyingi, na bado sina uhakika kama inaokoa muda au inahamisha kazi tu.

Kazi yenyewe ni kuchonga. Tengeneza leya mbili za Curves. Ya kwanza vuta katikati juu, kutoka 128 hadi 160 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Ya pili vuta chini, kutoka 128 hadi 95. Maski zote mbili ziwe nyeusi: nyeusi huificha leya, nyeupe huionyesha. Chukua brashi laini, nyeupe, Opacity 100, Flow (kasi ya rangi kutoka) 2 hadi 4, basi upake kwenye maski kidogo kidogo. Juu yake weka leya ya muda ya nyeusi na nyeupe, ili macho yasidanganywe na rangi, utaizima baadaye.

Kuna raundi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya madoa ya mwanga: picha ikikuzwa kwenye skrini hadi asilimia 100, unapandisha vidoa vyeusi na kushusha vyeupe kimoja kimoja, ili ngozi itulie bila kupoteza hata kitundu kimoja. Ya pili ni ya umbo: rudisha picha hadi asilimia 25, brashi iwe pana kama shavu, kisha fuata kivuli kilichopo. Chini ya mfupa wa shavu, pembeni mwa pua, chini ya mdomo wa chini, mashimo ya kandokando ya paji. Kama taa ilitoka kushoto, upande wa kulia hauruhusiwi kupata mng'ao ambao taa isingeweza kuufikisha. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika: kila mfupa unang'arishwa pande zote mbili, na uso unaonekana una majua mawili. Pindua picha kushoto kulia mara kwa mara. Kosa litajitokeza lenyewe.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: rangi kubadilika unapobadilisha mwanga. Chukua ngozi yenye nyekundu 180, kijani 130, bluu 105. Ipitishe kwenye ule mstari wa 128 hadi 95 katika modi ya kawaida, utapata takriban 154, 97, 73. Mwanzoni nyekundu ilikuwa mara 1.7 ya bluu. Sasa ni mara 2.1. Ndiyo maana kivuli ulichochora chini ya shavu kinatoka chekundu na kinaonekana kama jeraha. Kivuli cha kweli hupunguza chaneli zote tatu kwa uwiano uleule, na kwa giza hilohilo ungepata kama 141, 102, 82.

Jibu linalorudiwa kila mahali ni "weka leya iwe Luminosity", yaani modi inayobadilisha mwanga tu. Piga hesabu: unapata kama 149, 99, 74. Nyekundu bado ni mara mbili ya bluu. Luminosity hulinda umbali kati ya chaneli, hailindi uwiano wake, kwa hiyo wekundu unapungua kidogo sana. Upande wa kupandisha mwanga, Luminosity inaweza hata kudhuru: mng'ao wa paji unaotakiwa kukaribia weupe wa taa unatoka wa machungwa. Mimi naacha leya ya kupandisha katika modi ya kawaida. Ya kushusha naiweka kwenye kundi, kundi ndilo linabeba maski, na ndani yake naongeza leya ya Hue/Saturation yenye ukolevu −10 hadi −15. Hivyo popote brashi inapopita, giza na upungufu wa rangi vinakwenda pamoja. Hata hivyo sifuti joto lote. Kivuli chenye wekundu kidogo wakati mwingine huipa ngozi uhai, na mpaka wa "kidogo" sijawahi kuuweka kwenye namba. Naukadiria kwa jicho, na kesho yake pengine naurekebisha.

Macho: acheni kuyapausha meupe. Jicho ni tufe, na kope la juu hulitia kivuli. Ukikifuta, macho yanatokeza. Pandisha ile sehemu yenye rangi tu, upande ulio mkabala na nukta ya mwanga wa taa inayoakisiwa jichoni. Nukta ikiwa juu kushoto, ng'arisha chini kulia.

Ule ukali wa ngozi unaotafutwa kwa Clarity +80 utafute kwa High Pass (kichujio kinachobakiza kingo na maelezo madogo) kwenye leya ya Overlay: pikseli 2 hadi 4 kwa vitundu na ndevu, 20 hadi 40 kwa mikunjo mikubwa, na maski ikae mbali na mpaka wa nywele na mandhari ya nyuma. Pale mpakani ndipo utepe mweupe unapozuka, na ukishazuka kila mtu anaona programu badala ya mtu. Kwa nyuso za wazee wenye mikunjo mtindo huu unakubali sana. Kwa nyuso changa nina mashaka nao. Mara nyingi unamzeesha mtu miaka kumi bila kumwambia, na sidhani kama kila anayepigwa picha amelikubali hilo.

Rangi huja mwisho. Leya ya nyeusi na nyeupe kwenye modi ya kawaida, asilimia 30 hivi, hufifisha rangi; nyingine kama hiyo kwenye modi ya Soft Light hukaza kontrasti. Kisha chembe: leya ya kijivu asilimia 50 kwenye Overlay, uimwagie chembe za rangi moja. Zinafunika michirizi iliyobaki kwenye mandhari laini ya nyuma, na zinafanya sehemu ulizopaka na usizopaka zifanane.

Kabla ya kutoa, badilisha picha iwe sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida mtandaoni), usiibandike jina la sRGB tu, kwa sababu faili ya ProPhoto (mpangilio wenye rangi pana zaidi) ikipandishwa mtandaoni bila kubadilishwa inaweza kufika imepauka. Punguza ukubwa kwanza, noa baada ya kupunguza, kisha itazame kwenye simu mwangaza ukiwa nusu. Vivuli vya shavu vikizama hapo, rudi kwenye lile kundi la kushusha na ulipunguze hadi asilimia 80.