Je, wajua kwa nini video moja ya mieleka hukuletea mieleka wiki nzima?

Sikuipenda ile video. Sikuandika maoni wala kumtumia mtu. Mlango uligongwa nikiwa naperuzi, nikanyanyuka kufungua, simu ikabaki mezani na miamba wawili wakikabana shingo kwenye kioo chake. Tangu siku hiyo, mieleka asubuhi, mieleka usiku.

Kosa langu lilikuwa ni kuondoka bila kuisogeza video. Mitandao ya kijamii inasikiliza mno macho yako kuliko mdomo wako. YouTube, kwa mfano, mwaka 2012 iliacha kutegemea zaidi idadi ya mibofyo katika kupendekeza video, ikaupa uzito muda ambao mtu anautumia kutazama. Kwa hesabu hiyo, dakika mbili za kwenda mlangoni ni kura, na mitambo haijui kwamba mpiga kura hakuwepo chumbani.

Zamani mambo yalikwenda kwa saa: kilichochapishwa mwisho kilikaa juu. Twitter ilianza kuuacha mtindo huo Februari 2016, na Instagram ikatangaza hivyo hivyo Machi mwaka huo, ikieleza kwamba kwa wastani watu walikuwa wakikosa asilimia 70 ya machapisho yaliyowahusu. Hoja hiyo ina ukweli. Anayefuata akaunti mia tano hawezi kusoma kila kitu, hivyo lazima mtu au kitu kichague kwa niaba yake.

Uchaguzi wenyewe unakwenda kwa hatua mbili. Machi 2023 Twitter iliweka hadharani sehemu ya programu yake, tukaona: kutoka mamia ya mamilioni ya machapisho, mtambo huchota kama 1,500 hivi kwa ajili yako, kwa wastani nusu kutoka kwa unaowafuata na nusu kwa usiowafuata. Kisha kila moja hupewa alama kwa kukisia utafanya nini ukiliona. Je, utalipenda? Utalijibu? Utalifungua na kukaa nalo? Lenye alama nyingi hupanda juu.

Hiyo nusu ya watu usiowafuata hutoka wapi? Hapa kuna ujanja wa zamani kuliko mitandao yenyewe. Mwaka 1992 watafiti wa maabara ya Xerox kule Palo Alto, Marekani, walieleza mfumo wao uitwao Tapestry, uliochuja barua pepe kwa kutumia maoni ya wasomaji wengine, wakauita uchujaji wa kushirikiana. Siku hizi hata maoni hayahitajiki. Kompyuta haina haja ya kujua mieleka ni kitu gani. Inatosha ijue kwamba waliosimama hapa ulipo wewe walisimama pia pale, basi nawe unapelekwa pale. Unahukumiwa kwa majirani ambao hujawahi kuwaona.

Mtu atasema: si kuna kitufe cha “Sivutiwi”? Kipo. Mwaka 2022 shirika la Mozilla lilitumia takwimu zilizotolewa na watu zaidi ya 20,000 wa kujitolea kupima vitufe vya YouTube. Kile cha kutovutiwa kilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa. Kufuta video kwenye historia ya kutazama kulizuia asilimia 29, na kukataa chaneli nzima asilimia 43. Kwa hiyo usibishane na kitufe. Nenda kwenye historia ukafute ushahidi, na chaneli yenyewe uikatae. Hata hiyo asilimia 43 haifiki nusu, lakini ndiyo nguvu kubwa uliyopewa.

Njia nyingine ni kuukwepa mtambo wenyewe. Programu nyingi zina ukurasa wa “Unaowafuata”, na X (zamani Twitter) ina orodha unazoziunda mwenyewe: akaunti ishirini za wanasayansi huku, kumi za michezo kule. Katika Umoja wa Ulaya, sheria imeyalazimu majukwaa makubwa tangu Agosti 2023 kumpa mtumiaji angalau njia moja ya kupangiwa maudhui isiyotegemea tabia zake.

Kwenye kutafuta, alama ndogo hufanya kazi kubwa. Katika X, ukiandika from: ukaunganisha na jina la akaunti, unapata ya akaunti hiyo pekee, since:2024-01-01 inakata ya kabla ya tarehe hiyo, alama ya kutoa mbele ya neno inaliondoa neno hilo. Hiyo ya mwisho inatufaa sana sisi, maana anayefuatilia ndege na kutafuta “tai” ataletewa na za kuvaa shingoni. Aandike: tai -suti.

Ila Kiswahili kina mtego wake. Kichujio cha maneno, kile kinachonyamazisha machapisho yenye neno usilolitaka, kwa kawaida hutazama herufi zilivyoandikwa, na maneno yetu hubadilika kichwani, si mkiani tu. Nyamazisha “uchaguzi”, na bado “chaguzi”, “wamemchagua” na “aliyechaguliwa” watapita mbele ya mlinzi bila kuulizwa. Inabidi uandike kila sura ya neno, moja moja, kazi ya kuchosha kweli. Kinachosaidia ni kuchagua maneno yasiyobadilika kirahisi: majina ya watu, majina ya vyama, au maneno kama “bajeti” na “kura”. Alama ya reli (#) nayo husaidia, kwa kuwa kundi zima linakubaliana tahajia moja. Chris Messina, mtaalamu wa teknolojia wa Marekani, alipoipendekeza kwa Twitter tarehe 23 Agosti 2007, alitaka watu waweze kuyakusanya mazungumzo ya kundi moja, na kwa lugha yenye viambishi vingi kama yetu hiyo ni neema.

Ukikaza mno, nako kuna hasara yake. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu kichujio kiliona tusi katikati ya jina la mji wao.

Mimi nilifuta historia, kisha nikanyamazisha neno “mieleka”. Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu, akaingia mwanamieleka.