Ungamo Kwanza, Nyayo za Laetoli Baadaye

Siku za juma ninafundisha jiolojia chuoni. Jumapili ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Arusha. Kwa hiyo swali la kama sayansi na Biblia vinapatana hunifikia kutoka pande zote mbili: wanafunzi huniuliza nikikusanya karatasi zangu, washarika huniuliza tukitoka ibadani, kitabu cha nyimbo kikiwa bado mkononi. Wengi hutaka niwape hoja. Nami kwa miaka mingi niliamini kwamba hoja ndiyo kazi yangu.

Aliyenifundisha vingine ni kijana mmoja seremala.

Tulikuwa na semina ya vijana, na nilikuja na nakala ya plasta ya unyayo mmoja wa Laetoli. Laetoli iko kaskazini mwa Tanzania, kilomita zipatazo 45 kusini mwa bonde la Olduvai. Huko, mwaka 1978, kundi la watafiti lililoongozwa na Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, mstari wa karibu mita 27. Majivu ya volkano yalikuwa yameanguka, mvua ikayalowesha, wakapita juu yake. Majivu yakaganda kama saruji, kisha tabaka jingine likayafunika. Umri wake ni miaka milioni 3.66.

Kijana akasimama. "Shikamoo Mwalimu. Mimi naomba kuuliza, hiyo miaka nani alikuwepo akaihesabu?"

Nikamjibu: "Na wewe ulikuwepo Mungu alipoumba?"

Ukumbi mzima ukacheka. Akakaa. Semina iliyofuata hakuja, na Jumapili mbili kiti chake kilikuwa kitupu.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, na lilistahili maelezo haya. Ndani ya madini ya volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo ni ya aina isiyotulia, iitwayo potasiamu-40. Hugeuka polepole mno: kila baada ya miaka bilioni 1.25 nusu yake huwa imekwisha kugeuka. Sehemu yake huwa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi hiyo hutoroka. Ukishapoa, gesi hunaswa ndani ya fuwele, zile punje ngumu za madini, na kuanza kujikusanya. Tukipima potasiamu iliyobaki na argoni iliyonaswa, tunajua mwamba ulipoa lini. Hakuna mtu aliyekuwepo, lakini fuwele zilikuwepo, na zimetunza hesabu. Maelezo haya hayahitaji hata dakika tano. Nilikuwa nayo kichwani, nikachagua kumchekesha mtu.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Maneno yale sikuyatunga. Ni swali la Mungu kwa Ayubu: "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Katika Maandiko swali hilo humshusha kila anayelisikia, profesa na seremala kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimelitoa kinywani mwa Mungu na kulifanya fimbo ya kumpigia ndugu yangu.

Sasa angalieni ibada yetu inavyopangwa. Kabla ya somo lolote kusomwa, kabla ya mhubiri kupanda mimbarani, tunaungama kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Neno "maneno" lilinikaa kooni Jumapili ile. Kisha ikaja sadaka, nami nikakumbuka Mathayo 5: ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende upatane naye kwanza. Nilikuwa nimekwisha kuliimba andiko hilo kwaya nzima ikiitikia, na sikuwa nimelisikia. Jumatatu jioni nilikwenda karakana kwake.

Hili ndilo ninalotaka kueleza. Tunadhani ibada ni jambo moja na mjadala wa sayansi ni jambo jingine, ibada ya moyo na mjadala wa akili. Lakini ibada hutuzoeza tabia zile zile ambazo mjadala hauwezi kwenda bila hizo: kukiri kosa, kunyamaza mwingine anaposoma, kusema "naamini" pamoja na watu ambao katika mambo mengine hatukubaliani nao. Tunakiri kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi, na katika ukiri huo hakuna idadi ya miaka. Anayeamini siku sita za saa 24 na mimi ninayepima fuwele tunasimama benchi moja na kusema maneno yale yale.

Hata lile andiko tunalolipenda sana katika kuitetea imani, 1 Petro 3:15, mara nyingi tunalikata kichwa na mkia. Tunasema "mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu", basi. Linaanza hivi: "Mtakaseni Kristo Bwana mioyoni mwenu." Na linamalizia: "lakini kwa upole na kwa hofu." Jibu limewekwa katikati ya ibada na upole. Ukiling'oa hapo, linabaki neno tupu la ushindani.

Mtu ninayemtazama sana katika hili ni padri Mbelgiji, Georges Lemaître. Alipewa upadrisho mwaka 1923, na mwaka 1927 akachapisha hesabu zilizoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulimwengu wote ulianza kama kitu kimoja kidogo, alichokiita atomu ya mwanzo. Ndiyo mbegu ya nadharia tunayoiita leo mlipuko mkuu. Novemba 1951 Papa Pius XII, akihutubia wanasayansi wa Vatikani, alizungumza kana kwamba nadharia hiyo imethibitisha uumbaji. Mkristo mwingine angeshangilia. Lemaître alihuzunika, na yeye pamoja na mkurugenzi wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota walifikisha ushauri wa kuacha kuitumia nadharia namna hiyo. Mwaka uliofuata Papa alipohutubia wanaastronomia waliokutana Roma, dai lile hakulirudia.

Fikirini ilivyomgharimu. Kazi yake mwenyewe ilikuwa inasifiwa na mkuu wa kanisa lake, naye akasema hapana, hesabu zangu hazisemi hayo. Wengine hudhani alifanya hivyo ili kuilinda sayansi. Mimi naona alikuwa akimheshimu Mungu. Alipenda maneno ya Isaya kuhusu Mungu ajifichaye, na mtu anayepiga magoti kila siku mbele ya Mungu wa namna hiyo hana haraka ya kumfungia ndani ya mlinganyo, ambao kesho unaweza kurekebishwa.

Kuna jambo jingine, na hapa nawasema Walutheri wenzangu. Sote tuliopitia kipaimara tulikariri amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, pamoja na maelezo ya Katekisimo Ndogo kwamba tumtetee jirani, tumseme vema na kuyaeleza mambo yake kwa namna iliyo nzuri. Je, Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, si jirani? Nimesikia mahubiri mengi yakisema alifundisha kwamba binadamu ametokana na nyani hawa tunaowaona Manyara. Hakufundisha hivyo. Alisema sisi na wao tuna wazazi wa kale wa pamoja, na hilo ni dai tofauti kabisa. Unaweza kulikataa. Huwezi kumzulia. Na wanafunzi wangu wanaosema kwamba kila mlokole anaogopa kufikiri, nao huwaambia hivyo hivyo.

Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, alilia juu ya jambo hili mwanzoni mwa karne ya 5. Aliona ni aibu asiyeamini amsikie Mkristo akisema upuuzi juu ya nyota na mbingu huku akidai ndivyo Maandiko yasemavyo. Atatuaminije juu ya ufufuo?

Kule karakana niliomba msamaha kwanza, kisha nikaeleza habari za potasiamu. Alisikiliza huku akipiga randa. Halafu akauliza jambo ambalo lilikuwa moyoni mwake tangu siku ile ya semina: "Wale waliopita kwenye majivu, Mwalimu, Mungu aliwajua?" Nilimwambia kwamba fuwele hazinijibu hilo. Tukafungua Zaburi ya 8, tukaisoma pale kwenye maranda, "mtu ni kitu gani hata umkumbuke", tukakaa kimya kwa muda.

Hadi leo hakubaliani na miaka yangu milioni 3.66, na ameniambia hivyo waziwazi. Jumapili iliyopita alikaa benchi la mbele yangu. Mchungaji aliposema tupeane amani, aligeuka kabla sijanyoosha mkono.