Kabla hujalaumu Muitaliano: Alfa ya zamani na hewa ya Nairobi

Malalamiko ya watu wenye Alfa Romeo za zamani hapa Nairobi nimeyazoea, karibu yote yanafanana. Gari inanuka petroli, plagi zinatoka nyeusi tititi, asubuhi kuwaka ni shida, kwa jam inaanza kukohoa huku mshale wa joto ukipanda, alafu ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndio ivute. Na jibu ambalo mwenye gari amepewa huko alikotoka pia ni lile lile, ati magari ya Kiitaliano ndio yalivyo, zoea ama uza. Mimi kazi yangu ni hizi gari, na yangu mwenyewe ni Alfa 2000 GTV, na hilo jibu huniuma kila nikilisikia kwa sababu si kweli. Hii gari iliundwa Milano, mji ulio kama mita 120 tu juu ya bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,800. Ikaletwa hapa na seti ile ile ya kwao, ikapita mikono ya mafundi watatu wanne, na mara nyingi hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa jeti, yaani kale kapini ka tundu dogo ndani ya kabureta kanakopima petroli.

Ngoja nieleze hii kitu polepole maana ndio mzizi wa mambo mengi. Hewa ya hapa ni nyepesi, uzito wake umepungua kama asilimia 16 ukilinganisha na ya Mombasa. Sasa kabureta haina njia ya kujua uzito wa hewa, yenyewe inategemea ule mvuto unaotokea hewa ikipita pale pembamba kwa venturi, ndio unanyonya petroli kutoka kwa jeti. Hewa ikipungua kwa asilimia 16, petroli haipungui kwa kiasi hicho, inapungua karibu nusu yake tu. Kwa hivyo mchanganyiko unabaki umezidi petroli kwa asilimia 8 au 9, saa zote, hata kama gari iko sawa kabisa na imesetiwa venye kitabu kinasema. Hapo ndipo masizi kwa plagi yanatoka, na ile harufu, na pesa yako kuisha kwa petrol station.

Dawa yake ni bei rahisi kuliko watu wanavyodhani. Jeti za Weber, kampuni iliyotengeneza kabureta ninazozungumzia, zinaandikwa namba, na hiyo namba ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, yaani 130 ni milimita 1.30. Ukishuka hadi 125 eneo la tundu linapungua kwa asilimia 7 na kitu, karibu kabisa na kile tunatafuta. Kama yako ilikuja na 130, anza na 125 alafu usome plagi baada ya kuendesha vizuri, si baada ya kuzunguka gereji. Na usiishie kwa jeti kubwa peke yake, hili ndilo jambo mafundi wengi huruka: gari ya Nairobi mjini inaishi kwa jeti ndogo, ile ya injini ikiwa imetulia na ukiwa unakanyaga kidogo kidogo nyuma ya matatu. Ukibadilisha kubwa ukaiacha ndogo, utasifiwa siku ya kwanza barabara ikiwa wazi, alafu Jumatatu kwa jam ya Mombasa Road gari inarudi kunuka vile vile. Jambo zuri ni kwamba kwa Weber aina ya DCOE hung'oi chochote, juu kuna kifuniko cha duara kimefungwa kwa nati ya masikio, unafungua kwa mkono na jeti hizo hapo.

Lakini kabla hata hujanunua jeti, angalia mipira inayoshika kabureta kwa injini. Hizi gari zina kabureta mbili zenye koo (njia za hewa) mbili mbili, kila silinda na koo yake, na kati ya kabureta na hedi kuna viungo vya mpira vinavyozuia mtikisiko. Mpira wa miaka hamsini unapasuka, tena upande wa chini mahali macho hayafiki, hewa inaingia, silinda moja inakosa petroli huku zingine tatu zimezidiwa. Fundi akiseti kwa hali hiyo atazungusha skrubu mpaka jioni na hatapata, kwa sababu anajaribu kupatanisha silinda ambazo haziko kwa hali moja. Mpira kwanza, alafu vavu clearance (ile nafasi ndogo ya vavu), alafu plagi na taimingi, kabureta mwisho. Huo mpangilio siubadilishi kwa mtu yeyote.

Ukishamaliza kuseti bado nguvu zote hazirudi, lazima niseme hivyo. 2000 GTV ilitoka kiwandani na farasi kama 130, hapa kwetu tarajia kama 110, hewa haitoshi na hakuna jeti itakuongezea hewa.

Kuna kitu kingine mwinuko unafanya ambacho watu hawakiwazi: maji. Nairobi maji wazi yanachemka kwa kama digrii 94, si 100. Kifuniko cha radieta kikiwa kizima, tuseme cha nusu ba (bar, kipimo cha shinikizo), kinazuia shinikizo na kusogeza hiyo namba hadi kama 107, kwa hivyo una nafasi ya kutosha. Kikiwa kimechoka, springi imelegea na mpira umekauka, basi umerudi 94, na thermostati, ile inayoruhusu maji yaende kwa radieta, yenyewe inaanza kufungua kwa eighty na kitu. Yaani una digrii kumi hivi za kuishi nazo mchana kwa foleni, feni ikiwa ni ile ya kuzungushwa na injini, na injini ikiwa imetulia feni nayo imelala. Nimeona radieta nzuri imetolewa ikabadilishwa kor nzima, pesa nyingi, wakati shida ilikuwa kifuniko. Badilisha kifuniko, weka feni ya umeme na swichi yake ya joto, tumia coolant ya ukweli maana hedi na bloku ni aluminiamu na maji ya mfereji yanazila polepole kutoka ndani.

Na ukiacha ichemke mara nyingi utakutana na ile shida maarufu ya hizi injini. Kwa gasketi ya hedi kuna o-ringi ndogo za mpira zinazozunguka njia za oili kupanda juu. Zikichoka oili inavuja nje, ama inaingia kwa maji, ukifungua radieta unakuta kama chai ya maziwa. Hapo hakuna njia ya mkato, hedi inashuka. Gasketi na o-ringi zake nunua za ukweli kutoka kwa wauzaji wa spea za Alfa huko Uingereza, Ujerumani ama Italia, usikubali o-ringi za kuokota ju ni saizi moja, zinatakiwa zihimili oili ya moto miaka mingi. Na kabla hedi irudi pima bloku venye laina (zile silinda za kuingizwa ndani ya bloku) zimesimama, zinatakiwa zitokeze juu kidogo sana, zikizama gasketi mpya itakufa kama ya zamani.

Sasa raha. Watu huniuliza kama inafaa na mimi huwa nawaambia waje asubuhi ya Jumapili, tutoke Ruaka tupande Limuru Road mpaka Tigoni, injini imepata joto lake, chai kijani pande zote mbili, gia ya tatu, mshale wa mizunguko ya injini unapita elfu nne na hapo sauti inabadilika, zile kamshafti mbili na cheni na kabureta zikinyonya zote zinaimba pamoja, na usukani mwembamba wa mbao unakuambia kila kokoto ambayo tairi limekanyaga, na gari yenyewe ni kama tani moja tu kwa hivyo kona haiisubiri, unaielekeza na inaenda, na vioo vikubwa na nguzo nyembamba unaona kila kitu, hakuna gari ya sasa inakupa hivyo hata kwa pesa gani. Mchoro wake ni wa Giorgetto Giugiaro akiwa Bertone, bado kijana wa ishirini na kitu, na gari ya kwanza ya hiyo familia ilitoka 1963 ikiwa na gia tano, breki za diski magurudumu yote manne, na kamshafti mbili juu ya hedi ya aluminiamu. 1963! Watu wengi wakati huo walikuwa wananunua gari ya gia nne na breki za drum. Ile mitambo ya mashindano waliiweka kwa gari ya mtu wa kawaida kwenda nayo kazini, na ndio maana inataka kuangaliwa sana, mimi siwezi kutenganisha hayo mawili.

Giaboksi, gia ya pili ukiwa baridi iheshimu. Sinkro zake, zile ringi za kulainisha gia kuingia, ni za aina ya Porsche, zinachoka pili kwanza, na asubuhi ya Julai ukiilazimisha utaisikia. Toka moja, pumzika kidogo, ingiza polepole mpaka oili ishike joto. Pia ukishuka escarpment kuelekea Mai Mahiu kumbuka sevo ya breki, ile inayosaidia mguu wako, inafanya kazi kwa mvuto wa injini, na kwa mwinuko huu msaada wake ni mdogo kuliko pwani, kwa hivyo pedali ni nzito zaidi na inataka mguu. Tumia gia kushuka.

Spea ndio kilio kikubwa. Kuagiza kunachosha, unalipa kitu, unalipa usafiri, unalipa ushuru, na gari imesimama juu ya stendi wiki baada ya wiki kwa sababu ya kitu cha ukubwa wa kidole. Hiyo sitaipamba. Lakini nusu ya vitu watu wanaagiza viko hapa Kirinyaga Road, Grogan, shida ni venye wanauliza. Ukiingia duka ukasema unataka beringi ya Alfa ya 1972 utaambiwa hakuna na ni haki yao. Osha ile beringi ya zamani, soma namba imeandikwa ubavuni, sema nataka 6205, utaletewa papo hapo, maana 6205 ni 6205 dunia nzima, shimo lake ni milimita 25. Sili za oili vile vile, vipimo vitatu, ndani, nje na upana. Alteneta na stata nyingi ni Bosch na mafundi wa kuziamsha wako. Bushi za kuchonga, mabomba ya breki, silinda za breki kutiwa laina ya stainless, peleka kwa mafundi wa lathe, mashine ya kuchonga chuma, huko Kariobangi Light Industries ama Industrial Area, wako watu wenye mikono ya ajabu huko, wape sampuli na vipimo na uwalipe bei yao. Cha kuagiza bila kubahatisha ni gasketi ya hedi, cheni ya taimingi, ile mipira ya kabureta, na ule mpira wa propela shafti unaoitwa giubo. Agiza pamoja, mara moja, kabla viharibike.

Kama unatafuta ya kununua, angalia kutu kabla ya injini. Weka jeki chini ya sili, yaani ule ukingo wa bodi ulio chini ya mlango, inua, alafu ufungue mlango na uufunge. Mlango ukigoma, bodi imepinda kwa sababu chuma cha chini kimeisha, na hiyo ndiyo kazi ghali kuliko zote. Inua kapeti, angalia shimo la tairi la spea, na kama gari imekaa Mombasa tafuta mara mbili.

Jumuiya iko, tena ya siku nyingi. Africa Concours d'Elegance ya pale Ngong Racecourse inaandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, nenda utembee kati ya hizo gari, uliza wenyewe, watakufungulia boneti kwa furaha. Na wale wanaosema Waitaliano hawawezi barabara zetu, Safari Rally ya 1975 Lancia Stratos ya Muitaliano Sandro Munari ilimaliza ya pili nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson, alafu Muitaliano mwingine, Miki Biasion, akaishinda na Lancia Delta 1988 na tena 1989.

Mwisho kuna hili la kutoa injini na kuweka ya Toyota, nimeulizwa sana mwaka huu. Naelewa uchovu unaomfikisha mtu hapo, lakini karibu kila mara injini ambayo mwenyewe ameambiwa "imekwisha" haijaisha. Hii bloku ina laina zinazotoka, haichongwi. Unavuta laina nne za zamani, unaingiza mpya na pistoni zake zikiwa zimeuzwa kama seti moja, na silinda zako ni mpya kabisa. Vavu siti zake ni ngumu tangu kiwandani kwa hivyo petroli isiyo na risasi haiziumizi. Kwa hivyo kabla ya kununua ile injini ya Toyota fungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), toa kepi mbili za beringi, upime krenki. Ikiwa iko kwa vipimo, niletee tuongee.