Kodi ya nyumba za kifahari kwa makazi ya wazee: hesabu isipokaa sawa, fedha hazionekani

Wazo ni hili: wanaouza nyumba za kifahari watozwe kodi, na fedha hizo zigharamie makazi ya wazee. Tuondoe kwanza utata: kodi inayozungumzwa hapa ni ya serikali, si ile anayodai mwenye nyumba kila miezi sita.

Mwaka 2022 wapiga kura wa Los Angeles, Marekani, walipitisha kodi ya mauzo ya majengo ya bei kubwa, ikaanza kutozwa Aprili 1, 2023. Jengo lililouzwa kwa zaidi ya dola milioni 5 lilikatwa asilimia 4. Kuanzia dola milioni 10, asilimia 5.5. Makato hayo hugharamia nyumba za bei nafuu, na fungu moja husaidia wazee na watu wenye ulemavu wanaolemewa na pango.

Kwetu Tanzania, muuzaji mkazi hulipa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua na kuboresha. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi husamehewa, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Ya Los Angeles haiulizi faida. Inakata bei nzima, hata kwa aliyeuza kwa hasara.

Mtego uko hapo. Tuseme Mtwara Mjini ingeweka kiwango cha shilingi milioni 300 na kutoza asilimia 4 ya bei nzima. Nyumba ya Shangani ikiuzwa kwa milioni 300 kamili, haikatwi kitu. Ikiuzwa kwa milioni 310, inakatwa milioni 12.4, na muuzaji anabaki na milioni 297.6, pungufu ya aliyeuza kwa bei ndogo! Nani atakubali? Mkataba utaandikwa milioni 299, nyingine zitapita mkononi. Dawa ni kutoza ile ziada tu: asilimia 4 ya milioni 10 ni shilingi 400,000, na hakuna anayepoteza kwa kuuza ghali. Hata hivyo bei ya mkataba ilinganishwe na taarifa ya mthamini, na malipo yapite benki, maana udanganyifu wa bei haukomi kwa hesabu nzuri peke yake.

Sasa makusanyo. Nyumba 5 za milioni 400 zikiuzwa kwa mwaka, ziada ya milioni 100 kila moja inaleta milioni 4. Jumla milioni 20. Hizo hazijengi mtaa wa wazee. Na mwaka ambao habari za gesi asilia, zinazovuta wanunuzi Mtwara, zimepoa, huenda isiuzwe hata moja. Kwa hiyo mfuko wa namna hii ungefaa uwe wa kitaifa, wenye akaunti yake, la sivyo fedha zitamezwa na matumizi ya kawaida ya halmashauri.

Kwa mji mmoja, kinachowezekana ni ukarabati, na hata huo una vipimo vyake. Mzee anayeishi chumba cha kupanga Chikongola au Magomeni ya Mtwara hushindwa mara nyingi na choo cha uani kuliko na chumba chenyewe. Msingi ulioinuka sentimita 30 unahitaji mteremko wa urefu wa mita 3.6, sakafu yake ikwaruzwe isiteleze mvua ikinyesha. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, na chooni pawe na bomba la kushikilia lililofungwa kwenye ukuta wa tofali. Likifungwa kwenye lipu tu, litang'oka siku mzee atakapolishika kwa uzito wake wote.