"Wee", "titchy", "smidgen": udogo katika Kiingereza cha mtaani

Shuleni tunafundishwa "small", "little" na "tiny", basi. Ukifika Glasgow, Scotland, au Belfast, Ireland ya Kaskazini, neno utakalolisikia kutwa ni "wee", linalotamkwa "wii".

Hukaa mbele ya nomino: "a wee house", nyumba ndogo. Ila mara nyingi halipimi chochote. Ukikaribishwa "a wee cup of tea", chai itakuja kwenye kikombe cha kawaida kabisa. Neno limelainisha tu ukarimu, kama sisi tunavyosema "naomba maji kidogo" huku kiu imetukaba. Tahadhari: likisimama peke yake, "wee" ni mkojo kwa lugha ya kitoto. Sema "I want a wee" ukidhani umeomba kidogo, utaonyeshwa choo. Salama ni "a wee bit". Visiwani kaskazini mwa Scotland, watu wa Orkney husema "peedie", wa Shetland "peerie".

"Titchy", yaani mfupi au mdogo sana, lina kisa cha ajabu. Harry Relph, mchekeshaji wa Kiingereza aliyezaliwa 1867, alikuwa na kimo cha sentimita 137 hivi. Utotoni alikuwa mnene, akabandikwa jina kutokana na kesi ya Tichborne, kesi ya mahakamani Uingereza ambamo jitu nene lilidai kuwa mrithi aliyepotea baharini. Jukwaani akajiita Little Tich. Ndivyo jina la mnene lilivyogeuka "titchy", sifa ya ufupi! Usimwambie mtu mzima usiyetaniana naye.

Kwa kiasi, maneno ni mengine. "Smidgen", chembe ya kitu, kwa kawaida hufuatwa na "of" na kitu kisichohesabika: "a smidgen of salt", chumvi ya kudonoa kwa vidole. "Tad" hupenda kivumishi: "a tad late", kuchelewa kidogo. Wanaokosea huandika "a smidgen house", hiyo haipo. Wamarekani wana pia "skosh", kidogo tu, kutoka "sukoshi" ya Kijapani, lililoletwa na wanajeshi wao.

"Teeny-weeny" na "itsy-bitsy", yaani kadogo mno, waachie watoto na mizaha. Kwenye barua ya kazi hayaingii.

Mtego mkubwa uko kwenye kutafsiri. Udogishaji wetu wa ki- hubeba dharau upesi. Mama wa Glasgow akimwita mvulana "wee man", anambembeleza. Ukiandika "kijitu" umemtukana mtoto wa watu. Andika "mdogo wangu", au "baba" tu, kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume.