Tumbo la Samaki Halisemi Yote

Kila mwaka nikifika mada ya mtandao wa chakula na wanafunzi wangu hapa Moshi, tunaanza na nyumbu, simba na tumbusi, maana Serengeti wanaijua hata wale ambao hawajaikanyaga. Kisha nawapeleka mbali, kwenye bahari zinazoganda za Aktiki na Antaktika. Hapo maswali humiminika. Na humo ndani ya maswali nakuta mambo ambayo watu wengi, wakubwa kwa wadogo, wanayashika kama kweli kuhusu namna wanasayansi wanavyojua nani anamla nani kule.

"Barafu ni barafu, haioti kitu"

Sisi tunaoamka tukiitazama Kibo tumezoea barafu nyeupe iliyo tupu. Ile ni theluji iliyoshindiliwa, haina chumvi. Barafu ya bahari ni kitu kingine. Maji ya bahari yanapoganda, chumvi husukumwa pembeni na kubaki katika vijifereji vya maji makali ya chumvi ndani ya barafu. Humo, hasa sentimita chache za chini kabisa, humea daiatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho ila ukiwa mwingi.

Watafiti hutoboa kwa keekee iliyo wazi katikati kama bomba, wakachomoa mche wa barafu. Ncha yake ya chini hutoka na rangi ya kahawia, kama chai ya rangi. Huyeyushwa polepole ndani ya maji ya bahari yaliyochujwa, kwa sababu ukiuacha uyeyuke wenyewe, chumvi hupungua ghafla na seli hupasuka. Kibo nayo ilitobolewa mwaka 2000 na mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake, lakini wao walitafuta historia ya hali ya hewa. Huku baharini kinachotafutwa ni shamba lenyewe, mahali chakula kinapoanzia.

"Ukitaka kujua mnyama kala nini, mpasue tumbo"

Hili si uongo mtupu. Mama anayeniuzia perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu pale sokoni Mbuyuni aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mimi nikishampasua huyu najua alikuwa anakula wapi." Sayansi nayo ilianzia hapo. Kuanzia mwaka 1925, watafiti wa Uingereza waliokuwa kisiwa cha South Georgia, katika uchunguzi ulioitwa Discovery, walipima nyangumi waliovutwa nchi kavu na wavuvi, wakafungua matumbo yao, wakakuta karibu krili watupu, wale viumbe wanaofanana na uduvi.

Tatizo ni kwamba tumbo linasimulia mlo wa mwisho tu, na hata huo linausimulia kwa upendeleo. Mdomo wa ngisi ni mgumu, hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo ngisi huonekana wengi kuliko walivyoliwa. Samaki huacha vijiwe vya sikioni, na mtaalamu akikishika kijiwe kimoja anaweza kutaja aina ya samaki na kukisia ukubwa wake. Lakini yavuyavu, ambaye mwili wake ni kama mlenda, huyeyuka mara moja asiache chochote. Kwa miaka mingi hakuhesabiwa kuwa chakula cha pengwini. Ilipofika zamu ya kusoma vinasaba vilivyomo kwenye kinyesi, yavuyavu akajitokeza. Kisha kamera ndogo zilizofungwa mgongoni mwa pengwini zikawaonyesha wakimdonoa hasa, si kwamba walimmeza kwa bahati mbaya.

Na jambo moja nataka lisikike vizuri: siku hizi mara nyingi hakuna anayeuawa. Kinyesi huokotwa. Hata ile njia ya zamani kidogo ya kumnywesha pengwini maji hadi atapike humwacha mzima. Vinasaba navyo vina upofu wake. Vinasema ni samaki gani, havisemi kama alikuwa mchanga au mkubwa, wala havitenganishi kwa urahisi alichokula pengwini na kile alichokuwa amekula yule samaki.

"Isotopu ni mionzi"

"Mwalimu, kwa hiyo wanawachoma dubu mionzi?" aliniuliza binti mmoja wa kidato cha pili, na uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Hapana. Isotopu ni aina za elementi moja zinazotofautiana uzito; zinazotumika hapa ni thabiti, hazitoi mionzi, na hakuna anayezichoma kwa mtu wala mnyama. Zimo tayari katika kila kiumbe, pamoja na wewe unayesoma. Naitrojeni ipo nyepesi, 14, na ipo nzito kidogo, 15. Mwili hutoa ile nyepesi kwa wingi zaidi kwenye mkojo, na nzito hubaki kwenye nyama. Basi kila ngazi ya kulana inaongeza ile nzito kwa kiasi cha 3 hadi 4 katika kila elfu. Ukipima krili, kisha samaki, kisha sili, yule mnyama wa baharini anayenyonyesha na kula samaki, unaona ngazi zinavyopanda.

Kaboni hufanya kazi nyingine: inaonyesha chakula kilitoka shamba gani. Hili nalieleza kwa ng'ombe wa Machame. Ng'ombe wa kibandani anayelishwa migomba, na mwenzake anayekula mabua ya mahindi na majani yanayobebwa kutoka tambarare, hawabebi kaboni ya aina moja. Mahindi na nyasi za tambarare hunasa hewa ya ukaa kwa njia tofauti na mgomba, na kaboni nzito huwa nyingi zaidi ndani yao. Tofauti hiyo inaingia kwenye maziwa, kwenye nyama, hata kwenye singa za mkia. Baharini ni vivyo hivyo: mwani wa ndani ya barafu kwa kawaida una kaboni nzito nyingi kuliko mwani unaoelea kwenye maji ya wazi. Kwa hiyo unaweza kumpima sili ukauliza, je, huyu anaitegemea barafu?

Jibu linategemea umepima nini. Maji ya damu yanakumbuka siku au wiki chache. Ndevu za sili, na zile sahani za kuchujia krili kinywani mwa nyangumi, hukua polepole, na ukizikata kipande kwa kipande unasoma miezi hadi miaka. Hapa ndipo moyo wangu ulipo katika mada hii nzima: kwamba unywele unaweza kutunza habari ambazo tumbo limeshazisahau.

Mafuta nayo yanasimulia. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth waliielezea IP25, molekuli ya mafuta yenye kaboni 25 inayotengenezwa na baadhi ya daiatomu wa barafu ya Aktiki. Molekuli za jamii hiyo zimefuatiliwa ngazi kwa ngazi hadi ndani ya ini la dubu mweupe, mnyama ambaye hajawahi kula mwani huo moja kwa moja.

"Setilaiti zinaona kila kitu"

Zinaona rangi ya maji ya juu, na kutokana na ukijani wake hukadiriwa wingi wa mwani. Zinaona hata madoa ya kinyesi ya makundi ya pengwini. Lakini chini ya mawingu na barafu haziwezi kuuona mwani, na shamba la daiatomu liko chini ya barafu. Krili hutafutwa na meli kwa sauti: vipima mwangwi hupiga mlio wa kilohezi 38 na mwingine wa 120, na kwa kuwa mwangwi wa krili ni mkubwa zaidi kwenye ule wa 120, wanatofautishwa na samaki. Hata hivyo wavu lazima ushushwe kuhakikisha. Na mahali meli isipofika, sili tembo hutumwa na kifaa kilichogundishwa kichwani. Anaweza kupiga mbizi kupita mita 1,000, kifaa kikipima joto na chumvi. Mwaka unapogeuka anabadilisha manyoya na kifaa kinaanguka.

"Wakati wa giza bahari imelala"

Hili liliaminika hata na wanasayansi wenyewe. Huko Kongsfjorden, katika visiwa vya Svalbard vya Norwe huko Aktiki, jua halichomozi kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari. Watafiti walipokwenda mwezi Januari walikuta ndege wa baharini wakiwinda gizani na planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, wakipanda na kushuka. Katika Aktiki kwa jumla, vipima mwangwi vilivyoachwa majini vimeonyesha kuwa katikati ya kipindi hicho cha giza planktoni hao hufuata mwezi, si jua.

Kisha likagunduliwa jambo la kutia wasiwasi. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa taa za meli zinabadilisha mwenendo wa samaki na planktoni hadi kina cha mita 200. Meli inayokuja kuhesabu inawatawanya inaowahesabu. Kwa hiyo vipimo vilivyochukuliwa gizani chini ya taa za kawaida za meli vinahitaji kutazamwa upya, na wanaotafuta hesabu safi sasa huzima taa za meli kabla ya kuanza kupima.